Muuguzi wa mapafu anayefundisha nyumbani: maoni yangu kutoka Igombe, Mwanza

Mama yangu alikausha samaki kwa moshi hapa Igombe miaka mingi, na sasa ana ugonjwa sugu wa mapafu. Daladala ya kwenda mjini humchosha kabla hata hajamwona daktari, ndiyo maana tukachukua huduma hii ya muuguzi anayekuja kufundisha nyumbani.

Kilichonigusa zaidi ni somo la pampu ya kuvuta dawa ya mapafu kwa mdomo. Mama alikuwa akiibonyeza, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Muuguzi akachukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako kwa waya wa moto, akachomeka pampu pale hadi ikabana. "Haya mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), tikisa, toa pumzi, zungushia midomo hapa kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, vuta taratibu, kisha zuia mpaka kumi." Mama alihesabu kwa vidole! Akafundishwa pia kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobana, kama anayepoza uji. Mapafu hayatapona, hilo aliambiwa wazi, lakini sasa anapanda mawe ya kwenda kwa dada yake na anafika.

Jiko la kuni tumelihamishia nje.

Kasoro: karatasi wanazoacha zina maandishi madogo mno, na dalili za hatari zilipaswa kuelezwa kwa Kisukuma tangu mwanzo. Lugha ilipobadilishwa tu, mama akaanza kuuliza maswali.

Mkiwaita, wekeni tayari chupa safi na pampu zote anazotumia mgonjwa.