Waliosafisha kuzunguka nyumba yetu Sierra Madre, California: nyota nne, ya tano nimeinyima makusudi

Dola 1,450 kwa siku mbili. Mume wangu alipoiona ankara ilibidi akae chini. Lakini nianze na kizulia cha kufutia miguu.

Nilikuja nacho kutoka Tanga, cha makumbi ya nazi, kigumu kama brashi. Januari 2025 moto wa Eaton, ule moto mkubwa wa nyika, ulipolipuka upande wa mji wa Altadena, sisi majirani tuliambiwa tuhame usiku uleule. Tuliporudi, nyumba ipo, majivu kila mahali, na kwenye kizulia pana tundu jeusi la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Cheche ilitua, ikala, ikazimika yenyewe. Mlango wa mbao uko palepale. Miguu iliniisha nguvu.

Ndipo nikawaita hawa, waondoe kila kinachoweza kushika moto kuzunguka nyumba. Kiongozi wao, mzee mmoja kutoka Meksiko, hakuutazama mlima ulioungua hata mara moja. Alizunguka nyumba ameinama kama mtu aliyedondosha sindano. Matandazo ya magome niliyomwaga chini ya madirisha: yatoke, ziwekwe kokoto. Asumini iliyoegemea ukuta wa chumbani: ing'olewe. (Nilibisha. Nilishindwa.) Mita moja na nusu kutoka ukutani hataki kuona kitu kinachoshika moto, hata pipa la taka la plastiki. Kwenye gata, mfereji wa maji ya mvua wa paa, walitoa ndoo nne za majani ya mikaratusi, makavu, ukiyafinya yanakuwa unga.

Kilichonikosha zaidi ni matundu ya hewa ya darini. Wavu wa zamani ulikuwa unapitisha kidole changu cha mwisho. Upepo wa Santa Ana, ule mkali na mkavu wa huku, ukisukumia cheche humo, nyumba inaanza kuungua kwa ndani, wewe uko nje na mpira wa maji unalowesha paa. Wameweka wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 3. Nilijaribu kupitisha choroko, ikagoma.

Sasa ugomvi wetu. Matawi yote waliyokata waliyarundika ubavuni mwa gereji, wakasema lori linakuja kesho. Kesho ikawa siku ya tano, na katikati hapo likatoka tangazo la upepo mkali. Jamani, mmeondoa kuni ukutani mkanipangia gerejini? Nilipiga simu mara sita. Mwisho tuliyaburuta wenyewe usiku, mimi na khanga yangu kiunoni, mpaka ukingoni mwa barabara. Mzee aliomba radhi, akapunguza dola 100, na radhi yenyewe ilikuwa ya kweli. Lakini nyota hairudi.

Nitawaita tena Septemba kusafisha gata. Safari hii matawi yapande lori nikiyaona kwa macho, ndipo nilipe. Kizulia cha Tanga kiko kabatini. Mlangoni nimeweka cha chuma, kibaya kweli.