Wavu chakavu wa uvuvi juu ya uzio wa kuku: uzoefu wangu, Sahare, Tanga

Nianze na hukumu yenyewe. Wavu chakavu wa uvuvi, ule ambao wavuvi wanauuza ukishachoka baharini, ndicho kitu bora nilichowanunulia kuku wangu tangu nianze kufuga. Lakini ni kwa juu tu. Kwa chini, pale uzio unapokutana na ardhi, haufai kitu, na wala usijaribu.

Nafuga kuku wa kienyeji, wengi ni kuchi na wachache wa kishingo. Huku Sahare ukiwaachia wazi, vifaranga wanaisha. Mwewe anapiga mara moja anaondoka, huyo angalau ana haraka. Kunguru ndiye balaa. Hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, asili yao India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka, kisha wakasambaa mwambao wote. Wanashirikiana: mmoja anamchokoza mama mtu, mama akimfukuza, mwenzake anateremka kubeba kifaranga. Na kuwafungia kuku bandani kutwa nzima si dawa. Kuku wa kienyeji akikosa cha kuparua anahamia kwenye manyoya ya mwenziwe, wanaanza kudonoana mpaka damu.

Fundi alinipigia hesabu ya kufunika uwanja mzima kwa wavu wa chuma, juu na pembeni. Bei ilikuwa ya kuezeka nyumba. Ndipo nikateremka mwalo wa Deep Sea. Nilimkuta mzee mmoja anashona nyavu, nikamwamkia, akaniuliza nataka wa samaki gani.

"Wa kuku, babu."

Alicheka, akavuta furushi moja chini ya ngalawa. "Chukua huu, mwanangu. Umeshindwa na samaki, lakini mwewe hautashindwa naye." Bei tuliyoafikiana haikufika hata robo ya ile ya fundi.

Kuna nyavu na nyavu, lakini. Jarife lina matundu makubwa, kunguru anakunja mbawa anapenya. Wa dagaa nao una matundu madogo mno: unakusanya majani makavu, mvua ikinyesha unalemea, na kusi ikivuma unang'oa nguzo. Wangu ulikuwa wa vibua, tundu lake linapitisha vidole viwili au vitatu, na hapo ndipo penyewe. Hakikisha ni wa uzi wa kusokotwa. Ile ya uzi mmoja mwembamba unaong'aa iache. Inakata miguu ya kuku, na hata kwa kuvulia imepigwa marufuku. Kabla hujalipa, shika uzi sehemu mbili tatu uvute kwa vidole. Ukikatika kirahisi, jua limeshaula, na hapo hata ukipewa bure usiuchukue. Ukifika nyumbani uloweke kwenye pipa kwa maji na sabuni, kisha uanike. Usipoufua, harufu ya samaki itakuletea paka wa mtaa mzima pamoja na sisimizi.

Nguzo zangu za pembeni ni mvinje. Milingoti ya mkonge, ambayo Tanga haikosekani, nimeitumia kwa mapao ya juu tu, kwa sababu ni miepesi na imenyooka. Ukiichimbia ardhini, mchwa na unyevu vinaimaliza upesi. Wavu niliupandisha zaidi ya kimo cha mtu ili niingie kufagia bila kuinama, na ukakazwa sawasawa. Wavu uliolegea ni mtego: jogoo akiruka, kucha zinanasa, utamkuta ananing'inia.

Sasa chini. Wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita, ule mwepesi, niliununua duka moja la vifaa vya ujenzi nikiambiwa haushiki kutu. Ulishika, tena haraka. Hewa ya chumvi haina mchezo, na sehemu zilizogusa udongo zilikuwa zinapukutika mkononi. Nguchiro hakuhitaji hata kuchimba sana. Nikabadilisha: kuanzia ardhini mpaka usawa wa goti niliweka wavu mzito wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi, halafu kipande cha upana wa kama sentimita 30 nikakilaza kwa nje juu ya ardhi na kukigandamiza kwa mawe ya matumbawe. Nguchiro au kicheche huanza kuchimba palepale mguuni pa uzio. Akikutana na waya anajaribu pembeni kidogo, anakutana na waya tena, wala hafikirii kurudi nyuma hatua moja akaanzie huko. Juu ya goti niliendelea na wavu uleule wa uvuvi. Usiku lakini kuku wote wanaingia bandani na mlango unafungwa, uzio huu ni wa mchana.

Eneo: usishuke chini ya mita mraba moja kwa kila kuku, na kuchi mpe zaidi, maana ni wagomvi. Mimi uwanja nimeugawa mara mbili kwa kipande cha wavu uliobaki. Upande mmoja ukichakaa nawahamishia wa pili ili nyasi zichipue.

Kilichonifurahisha zaidi ni humo ndani. Wavu haukingi jua, na kuku hana jasho, joto likimzidi anaachama na kutandaza mbawa. Kwa hiyo kona moja nimeiezeka makuti, na chini yake nimewawekea shimo la kuogea: mchanga mkavu na udongo, majivu kidogo. Wanajilaza ubavu humo, wanajirushia vumbi mpaka chini ya mbawa, wakiinuka wanajikung'uta. Utitiri umepungua sana tangu hapo. Mahali palipokuwa panakuwa tope wakati wa masika nimemwaga makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Maji yanapita chini, na juu wadudu wanazaliana, basi kutwa wanaparua. Vichanja vya kupanda nimeweka vya vimo tofauti ili kuku mnyonge awe na pa kumkimbia mbabe. Mchicha nawafungia kwenye kamba, wauparukie.

Na kuna ujanja wa mchwa. Chukua chungu kibovu, kijaze samadi ya ng'ombe na mabua makavu, ulowanishe, kisha ukifudikize juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi unakuja kukimwaga uwanjani. Hakuna chakula cha dukani kinachowachangamsha kuku namna ile. Machicha ya nazi pia wanayapenda, ila toa yaliyobaki siku hiyohiyo kwa sababu kwa joto letu yanachacha.

Kasoro haikosekani. Upande unaopigwa na jua la mchana uzi umeanza kukakamaa, najua nitaubadilisha huo kabla ya mwingine. Chiriku huwa wananasa mara mojamoja, lazima upite ukiangalia. Na uzio hauzuii ugonjwa wa mdondo. Chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi 3 iko palepale.

Mwenye kuku wa mayai wengi wa biashara, huu si mradi wake. Kwa kuku wa uani unatosha sana. Ukitaka wavu wenyewe, nenda mwalo wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa taa hawatoki siku hizo kwa kuwa mwanga wao hauvuti samaki. Wanakuwa pwani wanashona, na ule usioshoneka tena wanakutupia kwa bei ya maelewano.