Konserto ya selo ya Haydn kwa bendi ya vipulizi, uzoefu wangu

Mi napuliza klarineti ya pili, na miezi miwili sasa bendi yetu iko na hii konserto (muziki wa mpigaji mmoja, hapa ni wa selo, ile fidla kubwa, akisindikizwa na wenzake) ya mtunzi Haydn ya C meja iliyopangwa upya kwa vipulizi, kwahiyo naongelea kitu nilichokishika mkononi. Haydn aliiandika miaka ya 1760 kwa ajili ya Joseph Weigl aliyekua anapiga selo kwenye okestra yake, halafu nota zikapotea mpaka 1961 ndo zikaonekana Prague. Na okestra yenyewe ilikua ndogo, nyuzi tu na oboi mbili na honi mbili basi.

Sasa huyu aliyepanga upya, sauti za fidla kazigawa kwa klarineti na filimbi vizuri sana, ila kaogopa kumwacha mtu akae kimya. Saksafoni ya tena na yufoniamu (kama tuba ndogo) wanapita mulemule selo inapopita, na selo ikishuka chini haina ubavu wa kushindana nao. Siku ya kwanza nimekaa hatua tatu kutoka kwa mpiga selo, naona upinde unaenda, naona waya unatetemeka, sauti siisikii! Mwalimu ikabidi aamue, solo ikiingia kila sauti abaki mtu mmoja, tromboni wanyamaze kabisa. Kuanzia hapo ukawa muziki mwingine.

Nashukuru kii, yaani ile C meja, hawajaihamisha ili kuturahisishia sisi, maana waya za selo ni C, G, D na A na ile koodi nzito ya kuingilia inataka waya wa chini kabisa ulie wazi. Gharama yake tunailipa sisi, klarineti shapu 2 (alama za kupandisha nota), saksafoni ya alto shapu 3, na kipande cha mwisho kinakimbia kwelikweli, yaani bila kukipiga polepole wiki nzima vidole haviendi.

Ila Adagio jamani, kile kipande cha katikati cha polepole. Haydn hapo oboi na honi aliziweka pembeni, akaacha nyuzi peke yake, ndo maana nilikua na wasiwasi nayo kuliko vyote. Aliyepanga katupa klarineti sauti za chini na basuni moja chini yetu, na kwa vile sisi hatuna upinde wa kuvuta sauti isikatike tukapeana zamu za kuvuta pumzi, klarineti ya kwanza wakivuta sisi tunashika, nota zangu zimejaa alama za penseli. Halafu selo inaingia na nota moja tu, ndefu, sisi tunaendelea na wimbo chini yake, na huisikii inaanza saa ngapi, unashtukia tu ipo na inakua. Hapo nasisimka kila siku ya mazoezi mpaka leo.

Huyo aliyepanga nampa nyota 4. Kama bendi yenu ina klarineti nzuri na mwalimu asiyeogopa kupunguza watu, zichukueni hizi nota, na penseli muwe nayo toka siku ya kwanza.