Alamu na sento loki ya kufunga mwenyewe: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla ya kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na pesa mkononi, kaa kwenye kiti cha dereva ubonyeze kitufe cha kufungia milango. Milango yote minne ikijifunga, gari lako lina sento loki ya kiwandani, yaani mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja, na huhitaji mota hata moja ya kuvuta kufuli za milango. Unachotafuta ni alamu tu, itakayoamrisha mfumo uliopo. Mingine ikibaki wazi, kama ilivyo kwenye baadhi ya Probox na Hiace za daraja la DX na pikapu za kazi, basi utanunua mota za milango pia.

Kuna hali ya tatu inayosahaulika. Kwenye magari kadhaa ya Kijapani ya zamani, mlango wa dereva una swichi tu ndani ya kitasa, hauna mota. Ukiufunga kwa mkono mingine inafuata, lakini ukibonyeza kitufe wenyewe haujifungi. Hapo nunua mota moja ya waya mbili kwa ajili ya mlango huo tu. Wauzaji wengi hawaulizi haya. Wanakupa seti nzima, nawe unalipia mota tatu usizozihitaji.

Angalia pia volti. Seti karibu zote zilizopo madukani ni za volti 12. Malori mengi, Canter zikiwemo, yanatumia 24, na ukiunganisha seti ya 12 humo utaiunguza siku hiyohiyo.

Chaguo la kwanza: alamu ya njia moja yenye msimbo unaojibadilisha

Kwa gari la kawaida la familia, hii ndiyo ya kununua. Rimoti inatuma amri tu, hairudishiwi taarifa. Ndani ya boksi unatakiwa ukute kontrol boksi, king'ora, kihisi cha mtikisiko, taa ndogo ya dashibodi, rimoti mbili, swichi ya siri ya kuzimia, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kukatia stata na soketi zenye waya zake. Mchoro wa waya uwe humo humo, kwa sababu rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Boksi lisilo na mchoro lirudishe kwenye rafu hata kama bei ni nzuri.

Kitu cha kulipia zaidi ni msimbo. Boksi litakuwa na maandishi "rolling code" au "code hopping": kila ukibonyeza, rimoti inatuma namba mpya. Alamu za bei ya chini kabisa hutuma namba ileile miaka yote, na mara nyingi boksi huandikwa "learning code". Namba hiyo inanakiliwa na zile rimoti za kunakilia zinazouzwa kwa ajili ya mageti. Mtu akiishika rimoti yako kwa dakika moja, kwenye kuosha gari kwa mfano, anaondoka na ufunguo wako. Alamu ya namba isiyobadilika ndiyo ya mwisho kwenye orodha hii, haifai kwa bei yoyote.

Msimbo unaobadilika hauzuii ujanja wote. Wapo wezi wanaovuruga mawimbi kwenye maegesho ili gari lisifunge, nawe unaondoka ukidhani limefunga. Subiri indiketa zimulike, kisha vuta kitasa kwa mkono. Ujue pia kwamba hakuna alamu inayookoa vioo vya pembeni: mwizi hukivunja kwa sekunde chache na king'ora kinaanza kulia akiwa ameshavuka barabara.

Chaguo la pili: sento loki yenye rimoti, bila king'ora

Kwa gari la mizigo linalolala kwenye geti lenye mlinzi, hii inatosha na ni rahisi kuliko zote kufunga. Waya ni chache na hugusi mfumo wa kuwashia injini. Anayefunga kwa mara ya kwanza aanze hapa. Baadaye akitaka king'ora, alamu ya kawaida huungwa kwenye kontrol boksi ileile ya sento loki.

Chaguo la tatu: alamu ya njia mbili

Rimoti yake ina kioo kidogo kinachokuonyesha mlango uliofunguliwa au mtikisiko uliotokea. Inafaa ukiegesha karibu na unapolala au unapofanya kazi. Kuta za zege hupunguza sana umbali ulioandikwa kwenye boksi, na rimoti ikipotea au kioo kikipasuka kupata nyingine ya aina hiyohiyo ni kazi. Kwa wengi tofauti ya bei ingenunua waya bora na mota bora.

Usinunue kwa kufunga mwenyewe: ya kuwasha injini kwa rimoti

Gari la gia za mkono likiachwa kwenye gia litaruka mbele injini ikigeuzwa, na anayesimama mbele ya bampa hana habari. Kwa magari yenye ufunguo wa chipu, mfumo huu mara nyingi hukulazimu kuficha chipu ya pili ndani ya dashibodi ili injini ikubali kuwaka. Ukifanya hivyo umeondoa kinga bora kuliko zote ambayo kiwanda kilikupa.

Vivyo hivyo na kile kipengele cha kuzima injini gari likiwa linatembea. Usikiunge. Rilei ya bei rahisi ikishindwa ukiwa barabara kuu, usukani unakuwa mzito na breki inapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache.

Mota za milango: zijaribu dukani

Seti ya milango minne huja na mota za aina mbili. Ya waya tano ndiyo kiongozi: ina swichi ndani, ukiifunga kwa ufunguo au kwa mkono inaziambia nyingine zifuate. Ya waya mbili ni mfuasi. Seti yenye viongozi wawili ni bora kuliko yenye mmoja, kwa kuwa milango yote miwili ya mbele itaweza kuamrisha mingine. Kwa Probox na gari lolote lenye mlango mpana wa nyuma, ulizia mota ya tano, ya mlango huo.

Mwambie muuzaji agusishe waya mbili za mota kwenye betri ya volti 12, kisha azigeuze. Fimbo itoke na kurudi kwa kishindo kimoja, kiasi cha sentimita 2. Ikikwama nusu au ukisikia meno ya plastiki yakisaga, chagua nyingine. Jaribu zote, si moja.

Nje ya boksi, nunua haya: waya wa milimita za mraba 2.5, mita 5, wa umeme mkuu. Waya wa 0.75 hadi 1, mita 15 hivi, wa kwenda milangoni; vishikio viwili vya fyuzi na fyuzi za ampia 15; mipira ya kusinyaa kwa joto; tai za plastiki pakiti moja; klipu 10 za akiba za paneli za milango, maana za zamani zitavunjika; na multimita. Kama una chuma cha kuchomea risasi, tumia. Waya zilizosokotwa na kufungwa tepu nyeusi peke yake hazidumu kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa: gundi inayeyuka, tepu inafunguka, na baada ya miezi unatafuta shoti usiyoiona. Zile klipu za kubana waya bila kuichuna pia huacha unyevu uingie, na kutu huanzia hapo.

Mlangoni

Chomoa kwanza nguzo ya hasi ya betri, usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, ili mfumo wa mifuko ya hewa upoteze chaji. Waya na soketi za njano chini ya usukani ni za mifuko hiyo. Usizipime wala kuzikata. Kumbuka kwamba baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani hujifunga umeme ukikatwa na kudai msimbo. Kama redio yako iko hivyo na msimbo huna, tafuta ushauri kabla ya kuchomoa.

Kioo kiwe kimepandishwa hadi juu kabisa kabla ya kuchomoa betri, ndipo utoe paneli. Skrubu hujificha nyuma ya kitasa cha ndani na ndani ya mahali pa kushikia. Ukivuta kwa nguvu kabla ya kuzipata, unapasua plastiki. Nyuma ya paneli kuna nailoni iliyoshikwa na gundi nyeusi. Ibandue taratibu na uirudishe kama ilivyokuwa. Maji ya mvua hupita ndani ya mlango yakishuka kwenye kioo, na nailoni ndiyo inayoyarudisha kwenye matundu ya chini. Wengi wanaolalamika kwamba zulia linalowa baada ya kufunga sento loki waliichana nailoni.

Mota ikae ili fimbo yake iende sambamba na fimbo ya kitasa. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Fimbo ikivuta kwa pembe, mota inatumia nguvu nyingi, inapata moto, na baada ya muda mlango huo ndio unaobaki nyuma wakati mingine inafunga. Weka kitasa hali ya kufungwa na mota hali ileile kabla ya kukaza skrubu. Kabla ya kutoboa bati, tazama kioo kinapita wapi kikishuka, kisha tumia skrubu fupi. Waya iingie kwenye mota kutokea chini, ili maji yasiifuate hadi ndani.

Kutoka mlangoni hadi mwilini mwa gari, pitisha waya ndani ya mpira wa kiwandani pale kwenye bawaba. Sabuni kidogo ya maji na waya mgumu wa kuvutia vinasaidia. Kutoboa tundu lako mwenyewe bila mpira ni kuandaa shoti: bati linakata waya kidogo kidogo kila mlango unapofunguliwa.

Mota ikienda kinyume na nyingine, geuza waya zake mbili, kijani na bluu kwa seti nyingi.

Kuunga alamu na kufuli

Waya sita za kufuli kwenye alamu ni za rilei mbili, moja ya kufunga na moja ya kufungua, kila moja ikiwa na COM (mguu wa pamoja), NO (hugusana na COM amri ikija tu) na NC (hugusana na COM wakati hakuna amri). Namna ya kuziunga inategemea gari, na kukosea hapa ndiko kunakounguza kontrol boksi. Rudishia betri kwanza, kisha weka multimita kwenye volti, ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya wa swichi ya kufungia. Ikisoma volti 12 pale tu unapobonyeza, gari linaamrishwa kwa hasi, kama Toyota nyingi. COM iende kwenye waya huo, NO kwenye bodi (bati la gari, yaani hasi), NC uifunike na kuiacha. Kama gari linaamrishwa kwa chanya, NO iende kwenye chanya yenye fyuzi.

Ukiwa umefunga seti ya mota uliyonunua, kwa kawaida waya mweupe na wa kahawia wa kontrol boksi yake huamrishwa kwa hasi. COM za alamu ziende huko, NO zote mbili kwenye bodi. Ukitaka alamu iendeshe mota moja kwa moja bila kontrol boksi, COM iende kwenye mota, NC kwenye bodi, NO kwenye chanya. Mercedes za zamani zenye kufuli za hewa zinahitaji amri ya sekunde 3.5 hivi badala ya nusu sekunde. Alamu nyingi zina mpangilio huo.

Waya mbili za indiketa ziende moja kulia, moja kushoto. Ukizifunga pamoja, ukikata kona pande zote mbili zitamulika. Waya wa mlango uchukue kwenye swichi ya mlango, si kwenye taa ya ndani: taa inayochelewa kuzima huifanya alamu idhani mlango uko wazi, na ndiyo sababu ya malalamiko mengi ya "alamu yangu inakataa kufunga".

Kwenye stata, kata ule waya wa amri unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, siyo ule mnene wa betri. Upitishe kwenye miguu ya rilei namba 30 na 87a, inayogusana rilei ikiwa imelala. Hivyo alamu ikifa kabisa, gari bado linawaka. Anayetumia 87, unaogusana na 30 rilei ikipewa umeme tu, analiacha gari lisiwake hata kidogo siku kontrol boksi ikiharibika.

King'ora kifungwe chini ya boneti, mbali na eksozi, mdomo ukitazama chini ili maji yasikae. Kihisi cha mtikisiko kifungwe kwenye chuma kigumu chini ya dashibodi, kisibandikwe kwenye plastiki inayocheza. Anza na usikivu mdogo, gonga nguzo ya mlango kwa ngumi, ongeza kidogo kidogo. Bodi ichukue kwenye bati lililokwanguliwa rangi, fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri.

Mwisho pima umeme unaoliwa gari likiwa limelala. Chomoa hasi ya betri, weka multimita ya ampia 10 kati ya nguzo na waya, funga kwa rimoti, subiri mpaka kila kitu kitulie. Alamu nzuri hula miliampia 20 hivi, sawa na ampia-saa 0.48 kwa siku; kwa betri ya ampia-saa 36 hiyo ni chini kidogo ya nusu ya chaji kwa mwezi. Jumla ya gari zima isizidi miliampia 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi isomeke inayoshusha, na muda huo wote usigeuze ufunguo wa kuwasha: fyuzi ya multimita haitabeba stata.