Ziara ya Guthrie, Langston na Boley: uzoefu wangu

Kama unaishi Oklahoma au kaskazini mwa Texas, na unataka kujua nchi ile ilikuwaje kabla haijawa jimbo, nakushauri uifanye ziara hii ya siku moja. Kampuni ni ndogo: basi dogo, na mtembezaji ambaye ndiye dereva. Mnaondoka Oklahoma City asubuhi, mnapita Guthrie na Langston, mnamalizia Boley. Nimewapa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyowanyima nitaieleza.

Muda mwingi tuliutumia Guthrie, iliyokuwa makao makuu ya Eneo la Oklahoma. Majengo yake ya zamani ya matofali yametunzwa vizuri. Mtembezaji alisimulia siku ya tarehe 22 Aprili 1889, watu wapatao 50,000 walipojipanga mpakani mwa ardhi iliyofunguliwa kwa walowezi kusubiri saa sita mchana, wengine juu ya farasi, wengine kwenye mikokoteni, wengine ndani ya treni. Ishara ilipotolewa wakatimka, kila mtu awahi kipande chake cha ardhi. Guthrie ilikuwa kituo cha reli tu asubuhi ile; kufika usiku ilikuwa na watu kama 10,000 kwenye mahema.

Sisi tuliokulia Nakuru, ukituambia ardhi ilitangazwa kuwa wazi kwa walowezi, tunauliza mara moja: wazi kwa nani? Nilimuuliza mtembezaji, naye alijibu bila kukwepa. Wacreek na Waseminole ni mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani: Wacreek walifukuzwa Alabama na Georgia, Waseminole wakafukuzwa Florida, wakaletwa huku kwa nguvu na kuahidiwa kwamba hapa hawatasumbuliwa tena. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekani ikawabana kwa mikataba ya 1866 na kuwanyang'anya upande wa magharibi, kwa kuwa baadhi ya viongozi wao walikuwa wameungana na Kusini, upande uliotetea utumwa. Mataifa hayo nayo yalikuwa na watumwa Weusi, waliokuja nao katika safari ileile ya mateso. Mikataba hiyohiyo ikawaacha huru.

Ukishalielewa hilo, Boley inakuelea. Ardhi za pamoja za mataifa hayo zilipokatwakatwa na kugawiwa mtu mmoja mmoja, raia wa taifa la Creek alipewa ekari 160, na waliokuwa watumwa wao wakapata pia. Mji wa Boley ulianzishwa mwaka 1903 juu ya kipande cha Abigail Barnett, binti wa familia ya hao walioachwa huru, kando ya reli. Ulikuwa mji wa Weusi wenye benki yao na viongozi wao wenyewe; Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi Mweusi mashuhuri, aliutembelea mwaka 1905 akausifu sana. Langston, ya mwaka 1890, iliasisiwa na watu kama Edward McCabe, mwanasiasa Mweusi aliyetamani eneo lote liwe jimbo ambamo Weusi ndio wengi. Nilipita mtaa wa Boley polepole, nikisoma kila kibao. Hii ndiyo sehemu iliyonigusa kuliko zote, na mtembezaji alijua kunyamaza tulipohitaji kutazama.

Tarehe 16 Novemba 1907 Oklahoma ikawa jimbo la 46. Guthrie wakafanya harusi ya maigizo kwenye ngazi za maktaba: bwana harusi Eneo la Oklahoma, bibi harusi Eneo la Wahindi Wekundu, yaani upande wa mashariki waliobaki nao mataifa ya wenyeji. Tulisimama palepale. Mwezi mmoja baadaye, muswada namba moja wa seneti mpya ukawa sheria: Weusi na Wazungu watenganishwe kwenye mabehewa na vyumba vya kungojea treni. McCabe alipambana nayo mahakamani, na mwaka 1914 Mahakama Kuu ya Marekani ikatupilia mbali madai hayo. Nchi ambayo watu wale walikuwa wamejijengea iliwageuka mara tu ilipopata bendera.

Sasa nyota niliyowanyima. Bibi harusi yule hakuulizwa. Mwaka 1905 mataifa ya wenyeji yalikutana Muskogee, yakaandika katiba ya jimbo lao, Sequoyah, na wapiga kura 56,279 wakaikubali dhidi ya 9,073. Bunge la Marekani likakataa kulipokea. Katika ziara nzima habari hii ilitajwa kwa sentensi chache tu barabarani, wakati mbio za 1889 zilichukua saa nzima. Huwezi kueleza jimbo lilivyozaliwa ukaliruka jimbo lililokataliwa.

Bebeni chakula cha mchana na kofia, maana mnatembea juani. Watoto wa shule ya msingi watachoka. Wa sekondari watafaidi. Wakiongeza Muskogee, hata kwa siku ya pili na malipo yake, nitarudi na wanangu.