Sensa za presha ya matairi: dhamana ya nyongeza au fundi wa matairi?

Marekani, magari madogo yaliyotengenezwa tangu Septemba 2007 lazima yawe na mfumo wa kuonya presha ikishuka, na ya umeme yamo. Dhamana ya kwanza ikiisha na sensa, yaani kifaa kidogo kinachopima presha ndani ya tairi, ikafa, mwenye gari ana njia mbili.

Dhamana ya nyongeza, ile ya kununua ili kuendeleza ulinzi baada ya ya kwanza, inavutia, lakini soma mkataba. Mara nyingi utachangia kiasi fulani kila unapopeleka gari, na kiasi hicho chaweza kukaribia bei ya sensa yenyewe. Mikataba mingine huhesabu betri iliyokwisha kuwa uchakavu, si hitilafu. Na betri ndiyo huua sensa nyingi: imezibwa ndani, hudumu takriban miaka 5 hadi 10, haibadilishwi.

Fundi wa matairi unamlipa mwenyewe. Unapofunga matairi mapya ananifaa zaidi, maana tairi limeshavuliwa kwenye rimu. Ila hakikisha sensa inalingana na gari: kwa mfano magari ya umeme ya Tesla, ya karibuni hutumia Bluetooth, lakini Model 3 za mwanzo hutumia redio ya 433 MHz. Ukikosea, gari halitaisoma.

Sensa moja ikifa mapema, ningedai dhamana. Zikizeeka zote nne, ningezibadilisha pamoja na matairi, na hadi hapo nipime presha kwa geji kila wiki.