Kichwa cha AT-VM95E kwenye mashine kuukuu ya santuri

Mashine yangu niliinunua ikiwa imeshapita mikono sijui mingapi. Sikuanza na sindano, nilianza na mkanda unaozungusha sahani inayobeba santuri. Ule wa zamani ulikuwa umelegea. Badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika sahani ilijikokota, waimbaji wakisikika kama wameamshwa usingizini. Mkanda mpya ukamaliza hilo.

Miezi kadhaa baadaye ndipo nikafunga kichwa cha Audio-Technica AT-VM95E, kile kidude kinachoshika sindano mwishoni mwa mkono. Skrubu zinaingia moja kwa moja kwenye mwili wake, hakuna nati za kudondoka na kutafutwa chini ya meza (waliowahi kuzitafuta wananielewa). Uzito ambao sindano inakandamiza santuri niliuweka gramu 2 kwa mizani ndogo, maana namba za kwenye mkono wa mashine yangu zinadanganya.

Besi imetulia, na magitaa mawili sasa nayasikia mawili. Lakini sindano ikikaribia kitovu cha santuri, kila “s” ya mwimbaji bado inakwaruza. Uzuri ni kwamba sindano ya VM95ML, iliyo kali zaidi, inaingia kwenye mwili huohuo: unachomoa hii, unachomeka ile. Naidunduliza.